Mafua yanayokuja baada ya kula: njia tano za Ayurveda na namna ya kuchagua

Kuna watu ambao kila wakila kamba, mayai au mkate wa ngano, pua huanza kutiririka, chafya zinafuatana na koo linawasha. Saa chache baadaye hali imetulia. Wengi huita hayo mafua yasiyoisha, wakameza dawa za mafua miaka nenda miaka rudi. Wanapogundua kwamba chakula kinahusika na kuelekea kwa vaidya, yaani tabibu wa Ayurveda, tiba ya kale ya India, hukutana na majibu yasiyofanana. Mmoja anasema badili chakula, wa pili anatoa unga wa viungo, wa tatu anataka kutia mafuta puani, wa nne anapendekeza kusafisha mwili mzima kwa wiki mbili au tatu. Kuosha pua kwa maji ya chumvi kumetoka upande wa yoga, ila matabibu wengi hukutoa pamoja na hayo mengine.

Njia hizi hazifanyi kazi moja, ndiyo maana swali la ipi ina nguvu zaidi halimsaidii mgonjwa. Linalomsaidia ni kujua kila moja inagusa nini, na ndani yake mna nini. Hilo la pili husahaulika sana, na ndilo linaloumiza watu: dawa nyingi za Ayurveda za pua na mzio zimetengenezwa kwa maziwa, samli au ufuta, vitu ambavyo vyenyewe huleta mzio.

Kwanza jua unapambana na nini

Mafua ya virusi hudumu siku 7 hadi 10, mara nyingi huja na homa au mwili kuuma, na kwa kawaida kuna mtu mwingine nyumbani anayekohoa. Mzio wa chakula huanza dakika chache hadi saa mbili baada ya kula, na hurudi kila chakula kilekile kinapoliwa. Tena ni nadra uishie puani tu. Ukichunguza utakuta midomo inawasha, ngozi imetoka vipele au tumbo linasokota.

Ikiwa ni pua peke yake, yafikirie haya kwanza. Pilipili na mchuzi wa moto hutoa makamasi kwa kuchokoza mishipa ya fahamu ya pua, na huo si mzio. Jodari au kibua aliyekaa bila barafu hujaa histamini, kemikali inayoleta dalili kama za mzio. Ukimla uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga na mwili unawasha, na kumpika hakuondoi kitu. Mtu huyohuyo akila jodari aliyehifadhiwa vizuri kwenye barafu tangu alipovuliwa hapati shida yoyote. Kisha kuna wenye mzio wa chavua, ambao koo huwawasha wakila baadhi ya matunda mabichi lakini matunda hayohayo yakipikwa wanakula salama.

Kifua kikibana, sauti ikikwama, ulimi ukivimba, mtu akitapika mfululizo au akiishiwa nguvu baada ya kula, hapo ulinganisho wote huu unawekwa kando. Dawa ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja, upande wa nje, kisha hospitali bila kuchelewa. Hakuna unga, mafuta wala chai ya tangawizi inayochukua nafasi yake, na vidonge vya mzio kama cetirizine au Piriton havitoshi.

Ayurveda inaelezaje tatizo hili

Katika vitabu vyake vya kale, Charaka Samhita na Sushruta Samhita, mafua huitwa *pratishyaya* na hugawanywa kwa aina, kufuatana na nguvu tatu za mwili: kapha, vata na pitta. Makamasi mazito meupe na kichwa kizito huhesabiwa kuwa kapha. Maji mepesi yenye chafya nyingi ni vata, na makamasi ya njano yenye kuunguza ni pitta. Chakula kisichopatana na mwili huitwa *asatmya*. Moto wa kuyeyusha chakula, *agni*, ukidhoofika hubakiza uchafu unaoitwa *ama*, nao huziba njia za mwili. Hapo hamna dhana ya kinga ya mwili inayoishambulia protini fulani, na ndiyo sababu vaidya na daktari wa mzio wanaweza kumtazama mgonjwa mmoja wakatoa maagizo yanayogongana. Anayetaka kutumia tiba hizi kwa usalama inabidi ajue ni wapi yanagongana.

Vigezo vya kupimia

Kila njia hapa chini imepimwa kwa mambo matano: inavyofanywa, inagusa nini (chanzo au dalili, na ushahidi wake), kilichomo ndani yake kinachoweza kuleta mzio, inavyoharibika, na inamfaa nani. Bei tumeigusa pale tu inapobadilisha uamuzi.

## 1. Kubadili chakula

Inavyofanywa. Vaidya huanza kwa kuondoa vinavyosemekana kuongeza kapha: maziwa baridi, mtindi wa usiku, ndizi mbivu, vitamu, vya kukaanga. Badala yake mgonjwa hula vyakula laini vya moto. Kinachoagizwa zaidi ni *khichdi*: nusu kikombe cha mchele, robo kikombe cha choroko zilizokobolewa, vikombe vinne vya maji, robo kijiko cha chai cha manjano, kipande cha tangawizi cha sentimita mbili na chumvi kidogo, vikapikwa dakika 35 hadi 40 mpaka vilainike kabisa. Watu wa pwani watakitambua, ni mseto usiotiwa nazi.

Hayo yakifanywa kwa siku kadhaa hutuliza tumbo, ila hayatakuambia mbaya wako ni nani. Ili umjue, ongeza kazi ya daftari. Andika kila ulichokula, saa uliyokula, dalili na saa ilipoanza. Ukishashuku chakula kimoja, kiondoe hicho peke yake kwa wiki 2 hadi 4. Dalili zikiisha, kirudishe kwa kiasi kidogo, uongeze taratibu ndani ya siku tatu bila kuingiza kingine kipya. Usikirudishe nyumbani iwapo kiliwahi kukuvimbisha, kukubana kifua au kukuzimisha. Jaribio hilo hufanyiwa hospitali.

Inagusa nini. Kati ya njia zote tano, hii ndiyo inayofika kwenye chanzo. Lakini ndani yake zipo kanuni mbili za Ayurveda zinazoweza kupotosha mwenye mzio.

Ya kwanza ni *viruddha ahara*, vyakula visivyochanganywa. Charaka anakataza samaki na maziwa, na asali na samli kwa uzito sawa. (Mchuzi wa samaki wa nazi hauingii hapo, kwa kuwa tui si maziwa ya mnyama.) Shida ni kwamba mtu aliyeambiwa asichanganye kamba na maziwa hutoka akiamini kosa ni mchanganyiko, kisha anakula kamba peke yao. Kama mzio wake ni wa kamba, amekatazwa kitu kisicho na kosa na kuruhusiwa kile kinachomdhuru. Kwa hiyo mchanganyiko ukikuletea mafua, vichunguze vilivyomo kimoja kimoja.

Ya pili ni kuacha tabia mbaya kwa robo robo, hatua kwa hatua, mpaka mwili uzoee. Kanuni hiyo inafaa kwa anayepunguza chai au sukari. Kwa karanga zinazokuvimbisha midomo haifai: chakula cha namna hiyo huachwa siku hiyohiyo na chote. Vilevile usiitumie kinyumenyume, ukala robo, kisha nusu, ukitarajia mwili utazoea. Hospitali zinazozoesha wagonjwa kwa dozi hupima miligramu, na dozi za kwanza na kila zinapoongezwa hutolewa mbele ya daktari mwenye adrenalini mkononi.

Kilichomo. Mvuje unaouzwa dukani mara nyingi umechanganywa na unga wa ngano ili usigande, na huwekwa kwenye khichdi na kwenye unga wa kuamsha njaa kama *hingvashtak*. Uwatu uko kwenye bizari nyingi za mchuzi, na unaweza kumsumbua mwenye mzio wa karanga kwa kuwa protini zake zinafanana. Samli iliyochujwa vizuri ina protini ndogo sana ya maziwa, lakini haikosi kabisa.

Inavyoharibika. Kwa kuondoa vitu kumi kwa mpigo. Mgonjwa anapata nafuu, hajui ni kipi kilichomponya, anaogopa kurudisha hata kimoja, na baada ya miezi anakonda. Kwa watoto hili ni baya zaidi. Mtoto anayeondolewa maziwa na mayai lazima apewe badala yake chakula chenye protini na kalsiamu, na uzito wake upimwe kliniki kila mwezi.

Inamfaa nani. Kila mwenye dalili zinazojirudia ambaye hajaokolewa hospitalini kwa sababu ya chakula. Inataka uvumilivu na mpishi mmoja nyumbani. Anayekula hotelini kila siku ataiona ngumu.

## 2. Unga wa viungo

Inavyofanywa. Hapa yako makopo yanayouzwa zaidi. *Trikatu* ni pilipili manga, pilipili ndefu (*pippali*) na tangawizi kavu, kwa uzito sawa. Kwa kawaida mtu mzima hupewa robo gramu hadi nusu gramu mara mbili kwa siku baada ya kula, kwa asali au maji ya vuguvugu. *Sitopaladi* ni sukari ya mawe sehemu 16, *vamshalochana* (utomvu mkavu wa mwanzi) sehemu 8, pippali 4, iliki 2 na mdalasini 1. Hulambwa gramu 1 hadi 3 kwa asali, mara mbili kwa siku. *Haridra khanda*, unga wa manjano uliopikwa, hutolewa mafua yanapoandamana na vipele vya kuwasha, gramu 3 hadi 6 kwa siku. Kwa desturi asali haichemshwi wala kutiwa kwenye maji ya moto. Na mtoto aliye chini ya mwaka mmoja haonjeshwi asali kabisa, kwa hatari ya sumu ya botulismi.

Inagusa nini. Dalili. Trikatu hufungua pua kwa ukali wake na kuamsha njaa. Sitopaladi hulainisha kikohozi na kamasi. Majaribio yaliyofanywa India kwa mafua ya mzio ni madogo, na hakuna lililoonyesha kwamba unga huu unaondoa mzio wa chakula. Ukiutumia, uwe na chakula kibaya kimeshaondolewa. Kula kamba kisha kulamba trikatu ni kuficha dalili ambayo kesho inaweza kushuka kifuani.

Kilichomo. Soma sehemu hii polepole. Haridra khanda kwa kanuni yake ya asili hupikwa kwa maziwa na samli, na sehemu kubwa ya uzito wake ni sukari. Nyingine hutiwa *trivrit*, mzizi unaoharisha, pamoja na majivu ya chuma. Mama anayemtafutia mtoto wa mzio wa maziwa dawa ya vipele anaweza kumpa maziwa ndani ya kopo bila kujua. Zaidi ya nusu ya sitopaladi ni sukari: 16 katika 31. Chyawanprash, ambayo wengi huilamba kama kinga ya mafua, ina samli, mafuta ya ufuta na asali. Ukisikia "dawa ya mitishamba" usichukulie kwamba ni majani matupu.

Inavyoharibika. Kosa la kawaida ni kumpa trikatu mtu ambaye pua yake hutiririka kwa sababu ya pilipili. Anaongezewa kilekile kinachomchokoza, anatoa makamasi zaidi, na anaambiwa uchafu unatoka. Unga huu pia huunguza wenye vidonda vya tumbo na kiungulia. Piperine ya pilipili manga huongeza kiasi cha baadhi ya dawa kwenye damu, zikiwamo phenytoin ya kifafa, propranolol ya shinikizo la damu na theophylline inayotumiwa na baadhi ya wenye pumu. Manjano kwa wingi haichanganywi na warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda. Urukususu, unaowekwa kwenye dawa nyingi za koo, hupandisha shinikizo la damu na kushusha potasiamu ukitumiwa kwa wiki nyingi.

Usafi wa bidhaa nao ni mtihani. Mwaka 2004 watafiti walipima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani Boston, Marekani, wakakuta 14 zina risasi, zebaki au aseniki. Katika tawi la *rasa shastra* metali hutiwa kwa makusudi, na jina lenye neno *bhasma* au *ras* ndilo la kukushtua. Manjano ya unga nayo huwahi kupakwa rangi ya risasi ili ing'ae. Nunua manjano kavu nzima, uivunje na kuisaga mwenyewe. Trikatu pia unaweza kuitwanga nyumbani kwa viungo vya sokoni.

Inamfaa nani. Mtu mzima mwenye makamasi mazito, asiye na vidonda vya tumbo, asiyetumia dawa za kudumu, ambaye tayari anajua chakula chake kibaya na anakiepuka. Mwenye kisukari aiache sitopaladi na haridra khanda. Mjamzito asitumie unga wowote kati ya huu kwa dozi ya dawa. Tangawizi na pilipili manga za kiasi cha mchuzi hazina neno.

## 3. Mafuta puani (nasya)

Inavyofanywa. Ya kila siku huitwa *pratimarsha*, na mafuta yake ya kawaida ni *anu taila*. Weka chupa kwenye bakuli la maji ya moto mpaka mafuta yawe vuguvugu, ujaribu tone moja juu ya kiganja. Pangusa uso kwa kitambaa cha moto kwa dakika mbili tatu. Lala chali, kichwa kiinamie nyuma kidogo. Tia matone mawili kila tundu, vuta pumzi kwa upole, kaa hivyo dakika moja. Kinachoshuka kooni kiteme, usikimeze, kisha sukutua kwa maji ya vuguvugu. Dozi kubwa, kama zile za *shadbindu taila* zenye matone sita, ni za kliniki.

Inagusa nini. Pua kavu, iliyochanika, yenye maganda na chafya za vumbi. Mafuta hufunika utando wa pua. Yapo majaribio madogo yanayoonyesha nafuu ya chafya na kuziba, ila protini ya chakula imeshaingia kwa njia ya tumbo, na mafuta ya puani hayaizuii.

Kilichomo. Anu taila na shadbindu taila, kwa kanuni ya vitabu, zote hutengenezwa kwa mafuta ya ufuta pamoja na maziwa ya mbuzi. Ufuta ni miongoni mwa vyakula tisa vya mzio vinavyolazimika kutajwa kwenye lebo nchini Marekani, na wengi wa wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe hudhurika na ya mbuzi pia. Mtu wa namna hiyo akitiwa matone haya, mzio unawekwa moja kwa moja kwenye utando laini uliokwisha kuvimba. Muulize tabibu mafuta yametengenezwa na nani na kwa vitu gani. Jibu likiwa "ni mitishamba tu", usiyatumie.

Inavyoharibika. Kutia pua ikiwa imeziba kabisa, mafuta yakabaki mlangoni. Kutia mara baada ya kula au kuoga, jambo ambalo vitabu vyenyewe vinalikataza. Kutia siku za kwanza za mafua yenye homa. Na kutia matone mengi kila siku kwa miezi: mafuta yanayoteleza hadi mapafuni huweza kuleta nimonia ya mafuta, inayoanza na kikohozi kisichoisha.

Inamfaa nani. Mtu mzima mwenye pua kavu, asiye na mzio wa ufuta wala maziwa, asiye na pumu isiyotulia. Ashtanga Hridaya, kitabu kingine cha kale cha Ayurveda, inakataza nasya kwa watoto walio chini ya miaka 7 na wazee waliovuka 80, na hakuna sababu ya kuwa jasiri kuliko kitabu.

## 4. Maji ya chumvi (jala neti)

Inavyofanywa. Chemsha maji yatokote kwa dakika nzima. Ukikaa juu ya mita 2,000, kwa mfano Eldoret, yatokote dakika tatu. Yaache yapoe mpaka joto la mwili. Kwa kila nusu lita tia gramu 4.5 za chumvi safi, karibu robo tatu ya kijiko cha chai kilichosawazishwa. Chumvi isiyo na madini joto haiwashi sana. Inama juu ya karo, geuza kichwa upande, fungua mdomo upumue kwa mdomo, mimina karibu mililita 120 kwenye tundu la juu, na yatatokea la chini. Badili upande. Penga taratibu matundu yote yakiwa wazi. Ukibana moja na kupenga kwa nguvu, maji hukimbilia sikioni. Osha birika na ulianike likauke.

Inagusa nini. Dalili peke yake, ila hapa ushahidi una uzito kidogo kuliko wa unga na mafuta. Mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, kuhusu mafua ya mzio yaliona kwamba kuosha pua huenda kukapunguza ukali wa dalili kwa wakubwa na watoto, ingawa ubora wa tafiti ulikuwa wa chini. Tafiti hizo zilihusu zaidi chavua na vumbi, siyo chakula.

Kilichomo. Maji na chumvi. Basi.

Inavyoharibika. Maji yakiwa machungu puani, chumvi imepungua au imezidi. Kosa linaloua ni maji ya bomba yasiyochemshwa. Mwaka 2011 watu wawili katika jimbo la Louisiana, Marekani, walikufa baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba yenye amiba *Naegleria fowleri*, ambaye ukimmeza hakudhuru lakini akipitia puani hufika kwenye ubongo. Aliyezoea kupandisha maji puani wakati wa udhu asidhani ni jambo moja, neti hupeleka maji mengi zaidi na mbali zaidi.

Inamfaa nani. Karibu kila mtu anayeweza kufuata maagizo, pamoja na wajawazito na wenye mzio wa vyakula vingi. Haimfai mwenye maambukizi ya sikio, aliyefanyiwa upasuaji wa pua hivi karibuni bila ruhusa ya daktari, wala mtoto mdogo asiyeweza kutulia.

## 5. Kusafisha mwili mzima (panchakarma)

Inavyofanywa. Kwa siku 3 hadi 7 mgonjwa hunywa samli inayoongezwa kila asubuhi, kisha hukandwa mafuta na kufukizwa. Baada ya hapo hutapishwa (*vamana*, kwa tatizo la kapha) au kuharishwa (*virechana*). Mwisho hurudishwa kwenye chakula kwa uji mwepesi, uji mzito, supu ya choroko, halafu mseto. Jumla ni wiki mbili hadi tatu, na wengi huifuata Kerala miezi ya mvua, Julai na Agosti.

Inagusa nini. Wengi hutoka wakijisikia wepesi na pua imefunguka. Kumbuka lakini wameshinda wiki mbili bila kamba, mayai, karanga wala ngano. Kuondolewa huko kwa chakula peke yake kunatosha kueleza nafuu, ndiyo maana dalili hurudi wiki ya kwanza nyumbani. Hakuna ushahidi kwamba kutapishwa kunaondoa mzio.

Kilichomo. Samli kwa wingi kuliko njia nyingine yoyote, na mara nyingi maziwa hunyweshwa kabla ya kutapika.

Inavyoharibika. Upungufu wa maji na potasiamu, moyo kwenda mbio, kuzimia. Daktari wa Ayurveda wa India mwenye shahada ya BAMS husoma miaka mitano na nusu. Asiye na cheti hicho asikutapishe. Tanzania, muulize pia usajili wake kwenye Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.

Inamfaa nani. Mtu mzima mwenye afya ya moyo na figo, mwenye muda na fedha, asiye na mzio wa maziwa, anayeitaka kwa ajili ya kupumzika na kupanga upya ulaji wake. Watoto, wajawazito, wazee na wenye pumu kali wabaki nje.

## Uchague vipi kulingana na hali yako

Hujui chakula kipi kinakusumbua. Anza na daftari na maji ya chumvi. Usianze unga wala mafuta, vitakuvurugia picha. Ukipata nafasi ya kipimo cha ngozi, vidonge vya mzio huachwa siku 5 hadi 7 kabla, na umtajie daktari kila unga unaolamba. Vipimo vya damu vya kingamwili za IgG vinavyotoa orodha ya vyakula sabini vya kuacha havitambui mzio, na vinakula fedha bure.

Unakijua chakula na unakiepuka, ila pua bado nzito. Maji ya chumvi asubuhi. Ukitaka kuongeza, trikatu uliyoitwanga mwenyewe kwa wiki mbili, kisha upime kama kuna tofauti. Isipokuwapo, acha, na ufikirie vumbi la nyumbani au chavua.

Mzio wako ni wa maziwa. Kubadili chakula na maji ya chumvi ndizo zilizo wazi kwako. Haridra khanda, anu taila na panchakarma ya samli zimefungwa, mpaka tabibu akuonyeshe kwa maandishi kwamba amezitengeneza bila maziwa.

Mzio wako ni wa ufuta au karanga. Epuka nasya ya mafuta ya ufuta na chyawanprash. Chunga uwatu kwenye bizari za kununua.

Pua kavu yenye maganda, hakuna mzio wa ufuta wala maziwa. Hapa nasya ya matone mawili ina nafasi kuliko unga, ambao utazidi kukausha.

Ni mtoto. Chakula kwa usimamizi wa kliniki, na maji ya chumvi akiwa mkubwa wa kutosha kushirikiana. Mengine yasubiri.

Ni mama mjamzito au anayetumia dawa za kila siku. Vivyo hivyo, chakula na maji ya chumvi. Mjamzito aache unga wa dozi ya dawa. Anayetumia dawa za kila siku akitaka kuongeza unga wowote, aende na kopo lenyewe kwa mfamasia ili orodha ya vilivyomo ilinganishwe na dawa zake.

Umewahi kubanwa kifua au kuvimba ulimi baada ya kula. Daktari wa mzio kwanza, sindano ya adrenalini mfukoni, na watu wa nyumbani wafundishwe kuichoma. Maji ya chumvi unaweza kuendelea nayo. Vaidya mwambie historia hiyo kabla hajakuandikia chochote, na akikuahidi kwamba tiba yake itakuwezesha kukila tena chakula kile, tafuta mwingine.